Jinsi Mama Adhiambo Alivyoyafuata Maji

Maji hayaingilii pale unapoyaona. Kijana, kama una haraka, chukua hilo moja uende nalo kazini; litakufaa kuliko vifaa vingi unavyotamani kununua. Kama una nafasi, kaa nikueleze jinsi nilivyoishi miaka mingi bila kulijua, na watu bado wakiniita fundi.

Naitwa Njoroge. Nilinyoosha bodi za magari hapa Nakuru kwa miaka thelathini na minne, kwenye uwanja wa mafundi ulio ng'ambo ya reli, mpaka mgongo uliponiambia imetosha. Siku hizi niko Bahati na ng'ombe wawili ambao hawavuji popote ila panapotakiwa. Uwanjani waliniita Silikoni, na jina hilo sikulipata kwa heshima. Gari likiletwa linaingiza maji, nilichukua mrija wa silikoni, nikapaka palipo na unyevu, nikalainisha kwa kidole nilichokilamba, nikamwambia mwenyewe aende salama. Kidole changu kilikuwa na ladha ya siki kutoka Januari hadi Desemba. Mwenye gari akirudi, nilipaka tena juu ya ile ya kwanza.

Nianze na jambo ambalo nyinyi mnaojifunza kwenye simu hamtaki kulisikia. Gari si sufuria. Halikuundwa lisiingize hata tone. Chukua mlango. Mvua inateleza kwenye kioo, inapita kwenye raba ya juu, inaangukia ndani ya tumbo la mlango, kisha inatoka kwa vitundu vidogo vilivyo chini kabisa. Aliyeuunda mlango ule alijua maji yataingia, akayatengenezea pa kutokea. Halafu kati ya tumbo hilo na ule ubao unaoegemea mkono wako akaweka karatasi ya nailoni, ili maji yasikurukie wewe.

Niliwahi kuletewa pikapu ya mchungaji mmoja wa Njoro ambaye miguu ilikuwa ikimlowa kila mvua. Nikazipaka raba za milango yote miwili silikoni mpaka ikawa kazi kuifungua. Baada ya siku kumi alirudi amebeba viatu mkononi, soksi zikiwa mfukoni. Ilinichukua miezi kujua kwamba aliyemfungia spika milangoni alikuwa ameikata ile nailoni na kuitupa. Kipande cha nailoni ya gunia la mbolea na gundi kidogo vingemaliza yale mateso asubuhi moja. Mchungaji aliniombea, lakini nilisikia kwenye ile sauti kwamba ananishtaki.

Na mwezi wa kumi, magari yanayoegeshwa chini ya mijakaranda ya mji huu huleta ugonjwa wake. Chini ya waipa, mbele ya kioo, kuna mfereji. Maua yanaingia humo, yanaoza, yanakuwa uji, na maji yakikosa njia yanapanda yakitafuta miguu ya abiria. Hapo huhitaji silikoni wala raba mpya. Unahitaji vidole vyako, waya laini, na moyo wa kutosikia kinyaa.

Kuna kosa langu moja ambalo wazee wa uwanja bado wananikumbusha kila tukikutana msibani. Daktari wa mifugo aliyekuwa akifanya kazi upande wa Longonot, kwenye barabara za vumbi, aliniletea gari lenye maji chini ya kiti cha nyuma. Nikatafuta, nikachoka, nikachukua drili nikatoboa sakafu matundu sita. "Yakiingia, yatatoka yenyewe," nilimwambia, kifua mbele. Wiki mbili baadaye aliingia uwanjani akiwa na vumbi kuanzia viatu mpaka nyusi. Alipovua kofia, paji la uso ndilo pekee lililokuwa na rangi aliyozaliwa nayo.

"Fundi," akasema, "maji imeisha kabisa. Sasa nitolee Longonot kwa gari."

Tulicheka sote, nikayaziba matundu. Lakini kuna gari jingine ambalo hakuna aliyelichekea, na ndilo lililonifanya niandike haya.

Lilikuwa la Mzee Kirui, mkulima wa viazi kutoka Keringet. Stesheni wagoni ya zamani, viti safu tatu, imemzidi umri kitinda mimba wake, na injini bado ilikuwa inaitikia kwa mguso wa kwanza. Mke wake, Mama Chebet, alikuwa na ugonjwa wa kifua. Kwa zaidi ya mwaka alikuwa akilala ameketi, mito mitatu mgongoni, kwa sababu akilala chali pumzi ilikatika. Kila baada ya wiki mbili ilibidi aletwe kliniki Nakuru. Kule kwao mvua haiulizi ni mwezi gani, na barabara ikishaharibika hakuna gari lingine lililokuwa likipanda mpaka boma lao. Ni hilo tu.

Na hilo lilikuwa linaoza. Kapeti ya upande wa abiria, pale pale anapoweka miguu Mama Chebet, haikukauka. Ukifungua mlango unapokelewa na harufu ya gunia lililosahaulika shambani. Ukungu wa kijani ulikuwa umepanda mpaka kwenye mshipi wa kiti. Nilikuwa nimelitengeneza mara mbili kwa dawa yangu ile ile, nikizungushia kioo cha mbele silikoni kama mtu anayepamba keki.

Mara ya tatu Mzee alikuja naye. Mama alikuwa ameziba pua kwa leso, mkono mmoja umeshika dashibodi.

"Fundi, si nilikuja hapa mwezi ya pili?"

"Ulikuja, mzee."

"Na mwezi ya tatu ukaniambia imekwisha."

"Nilisema hivyo."

"Sasa huyu mama akipanda hii gari, anafika kliniki akiwa mbaya kuliko vile alitoka nyumbani. Daktari amesema hiyo ukungu ndiyo inammaliza, tuachane na gari. Nikiachana nayo, nitamleta na nini?"

Mama Chebet ndiye aliyesema, maneno mawili mawili, akivuta hewa katikati, "Usimgombeze. Amejaribu." Afadhali angenitukana.

Na unajua nilifanya nini? Mkono wangu ulikwenda kwenye ule mrija. Mazoea yana tabu. Hapo ndipo niliposikia sauti kutoka ng'ambo, ikiniita kwa jina la binti yangu, "Baba Wambui, weka hiyo kitu chini."

Alikuwa Mama Adhiambo, fundi wa viti. Kibanda chake kilitazamana na changu kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo nilikuwa nimezungumza naye habari za hali ya hewa na za watoto, basi. Sisi wa nyundo na moto tulimwona kama mama wa kushona tu. Baba yake alitoka Siaya akaja kufanya kazi reli, akishona viti vya mabehewa, na yeye alikulia hapa Nakuru akimshikia uzi. Kumbe mzee yule alipokuwa akishona alikuwa pia akiulizwa kwa nini viti vinaoza, na kuoza kwa kiti kulimfikisha dirishani, na dirisha likamfikisha kwenye paa. Bintiye alikuwa amebeba elimu hiyo yote, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza. Nasema wazi: sijaona tena mikono na macho kama ya yule mama, na nimewaona mafundi wengi.

Akamgeukia Mzee. "Baba, mniachie gari wiki moja. Mko na mahali pa kukaa?"

Walikuwa na binti yao, Chebet, anayeishi Lanet. Wakaenda huko. Mama Adhiambo akaniambia nisiguse maji mpaka aseme yeye.

Siku nne, vijana. Siku nne hatukutafuta chochote. Tulitoa viti, tukatoa kapeti, na chini yake tukakuta sponji nene ambayo ukiikanyaga inatema. Akaichoma ile sponji, akafua kapeti kwa siki na maji moto, akapasua viti viwili vya mbele akatupa godoro la ndani lote. Gari likabaki mifupa, milango wazi, linaota jua. Wateja wangu waliuliza kama nimeanza biashara ya mahindi, maana lilikaa kama ghala tupu. Nilimwambia Mama Adhiambo tunapoteza wakati. Akanijibu kwamba mahali palipolowa hapawezi kukuonyesha maji mapya.

Siku ya tano alitoa unga. Mnayajua yale mawe meupe mepesi yanayochimbwa Kariandusi, karibu na Elementaita? Dereva mmoja wa lori alimletea nusu gunia la unga wake alipokuja kushonewa kiti. Unga ule ni mkavu kiasi kwamba ukipata tone moja la maji unalinywa hapo hapo na kugeuka rangi ya jivu. Mama Adhiambo alijifunga kitambaa puani na mdomoni, akanilazimisha nami nijifunge, kwa sababu si kitu cha kuvuta kifuani. Akautia kwenye soksi kuukuu, akawa anaigongagonga ile soksi kando ya maungio yote ya bodi ndani ya gari, kila nguzo, kila ukingo wa dirisha, mpaka gari zima likawa limepakwa poda.

Kisha akaingia, akalala chali sakafuni na tochi, akaniamuru nishike hosi. Nikafungua maji kwa nguvu. Akagonga bati kutoka ndani.

"Kwani unazima moto? Punguza. Iteremke kama ya kunawisha mgeni."

Nikapunguza. Tukaanza chini kabisa, kizingiti cha mlango. Dakika kumi hapo, kwa saa. Halafu nusu ya mlango. Dakika kumi. Halafu pembe za chini za kioo cha mbele, ambako mimi ningeapa kwa jina la mama yangu kwamba ndipo. Dakika kumi, unga mweupe vile vile. Mkono ukaanza kufa ganzi.

"Mama Adhiambo, si tuanze juu tumalize?"

"Ukianza juu, kila kitu italowa pamoja, na hutajua nani alianza."

Adhuhuri ilipita. Tulifika kwenye paa karibu saa tisa. Hosi ilikuwa juu ya mlango wa abiria, kwenye ule mfereji mwembamba unaozunguka paa la magari ya zamani, aliposema, "Simama hapo hapo." Kisha, kwa sauti ya chini kabisa, "Njoo uone."

Nikaingiza kichwa. Mstari wa jivu, mwembamba, ulikuwa unashuka taratibu juu ya unga. Ulianza juu, pale nguzo inapokutana na paa, ukafuata nyaya za taa, ukapita nyuma ya dashibodi, ukaingia sakafuni upande wa abiria. Tuliutazama ukirefuka. Maji yalikuwa yanasafiri zaidi ya urefu wa mkono wangu kabla ya kujitokeza, na mimi miezi yote hiyo nilikuwa nayangojea mwisho wa safari.

Akapanda kwenye kigoda, akapitisha ukucha ndani ya ule mfereji wa paa mpaka ukakwama kwenye mguu wa keria, ile fremu ya kubebea magunia. Mguu huo ulikuwa umekazwa kwa nguvu kupita kiasi, ukavunja mastiki ya zamani inayoziba maungio ya bati chini yake. Ufa wenyewe haukuzidi ukucha wa mtoto.

"Nani alifunga hii keria?"

Keringet hawauzi viazi kwa kilo mbili. Mzee alikuwa ameniomba keria miaka mitatu kabla ya hapo, nami niliikaza kwa spana ndefu na kujisifu kwamba hata tembo akiirukia haitatikisika.

"Ni mimi," nikasema.

Hakucheka. Alishuka, akachukua waya, akalala ubavu chini ya gari, akadunga vitundu vya kutokea maji vilivyo kwenye kizingiti. Kila kimoja kilitoa kipande cha silikoni yangu, maana nilikuwa nimeviziba nikidhani maji yanaingilia humo, kimoja baada ya kingine, na baada ya cha tatu maji meusi yakamwagika.

"Hapa ndiyo ilikuwa inatoka," akasema. "Ukaifungia ndani."

Yaani nilikuwa nimeyafungulia maji dari, kisha nikayafungia mlango wa kutokea, na kati ya mawili hayo alikuwa ameketi mgonjwa. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona kabla wala baada. Nikaanza kumwambia Mama Adhiambo kwamba labda tumweleze Mzee ni uzee wa gari, maana hata hilo lina ukweli wake. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. Hakuinua macho.

"Mzee anakuja kesho kutwa. Wewe ndio utamwambia."

"Nimwambie nini?"

"Vile iko."

Kazi yenyewe ya kuponya ilichukua siku moja na nusu, na hapa nyinyi mchukue kalamu. Silikoni ya zamani haitolewi kwa bisibisi, utakwaruza rangi na kuita kutu. Chonga kipande cha mwanzi. Mastiki mpya haishiki juu ya vumbi wala mafuta, kwa hivyo osha, kausha, osha tena. Raba mpya ya mlango usiivute ukiifunga. Hili Mama Adhiambo alinipiga nalo mkononi, kweli kweli, kwa rula yake ya mbao. Ukiivuta inaonekana imekaa vizuri leo, lakini raba ina kumbukumbu. Itajirudia, na pembeni itaacha mwanya. Ikate ndefu kidogo, isukume iingie, na maungio yake yaweke chini, yasikae juu yakiisubiri mvua. Ukimaliza, funga mlango juu ya ukanda wa karatasi, uvute. Ukitoka bila kubishana, hapo bado. Zungusha karatasi hiyo mlango mzima, na usichoke. Keria tuliirudisha ikiwa na pedi za raba chini ya miguu, imekazwa kwa mkono wa kawaida. Yeye akashona viti upya kwa kitambaa cha kijivu, uzi mara mbili.

Siku ya siku walikuja mchana. Nilimsimamisha Mzee Kirui kando ya gari, nikamwonyesha ufa ulikokuwa, nikamwonyesha vile vipande vya silikoni nilivyovihifadhi kwenye kikopo, nikamwambia yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo ni wewe."

"Ni mimi, mzee. Naomba msamaha. Kwako na kwa mama."

"Na huyu mama ndiye ameona."

"Ndiye."

Alivuta pumzi ndefu. Akageuka akatazama upande wa mlima Menengai, ambako mawingu yalikuwa yamekuwa meusi. "Basi ngojea," akasema. "Hii inakuja haijui kudanganya."

Nilitaka Mama Chebet akae kibandani, kwenye ukavu. Akakataa. Aliingia garini polepole, akakaa kiti chake, akafunga mlango. "Kama ni ya kunilowesha," alisema dirishani, "iniloweshe nikiwa hapa, na hawa mafundi wakiona." Mzee akaingia upande wa dereva. Mvua ikaanza.

Vijana, mnaijua mvua ya Nakuru ya mwezi wa nne. Ilipiga mabati mpaka hatukusikiana. Nilisimama mlangoni pa kibanda, nikatazama lile paa na kuhesabu maungio yote kichwani. Baada ya kama nusu saa ikapungua kidogo, na mafundi wakarudia kazi zao chini ya mabati, nyundo zikaanza. Hapo nikaona Mzee ameteremsha kioo nafasi ya vidole viwili, ametoa mkono nje, kiganja kimetuelekea. Nikajua maji yameingia. Nikakimbia kwenye mvua bila koti.

Alikuwa ameweka kidole mdomoni. "Wacha kelele," akaninong'oneza. "Amelala."

Nikachungulia. Kiti kilikuwa kimelazwa nyuma kidogo, na kichwa cha Mama Chebet kilikuwa kimeegemea kitambaa kipya cha kijivu. Leso ilikuwa magotini. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, taratibu, bila kukwama. Hapakuwa na mto hata mmoja.

"Hajalala hivi tangu mwaka jana," Mzee alisema.

Sisemi gari lilimponya. Mapafu yana mambo yake, na daktari aliendelea na kazi yake miaka mingi baadaye. Nasema nilichokiona. Nilirudi nikapita kibanda hadi kibanda, nikamwambia kila mtu aweke nyundo chini. Mchomeleaji alizima moto wake. Aliyekuwa akisugua bodi kwa msasa alikaa juu ya ndoo. Mama Adhiambo aliondoa mguu kwenye cherehani. Uwanja ule, ambao tangu niujue haujawahi kunyamaza mchana hata siku ya mazishi ya mwenzetu, ulinyamaza, ikabaki mvua. Nililia, na sikujificha.

Mvua ilipokoma, tulikuwa bado tumesimama. Mama Chebet akafungua macho, akatazama vidimbwi vilivyojaa uwanjani, akatutazama sisi.

"Kwani kulinyesha?" akamuuliza mumewe.

"Kulinyesha sana, Mama Chebet."

Aliinama, akapitisha kiganja kwenye kapeti mbele ya miguu yake, akakisukuma mpaka pembeni kabisa, chini ya dashibodi. Akakitoa, akakitazama, akakipangusa shavuni. Kisha akaegemea tena.

"Basi tusiende saa hii," alisema, na akafumba macho.